Mama ana saratani ya titi: kwa nini dawa kwanza, kisu baadaye?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mama yangu ana miaka 52. Amekutwa na uvimbe wa sentimita 6 titi la kushoto, na mitoki kwapani. Alichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikapimwe, majibu yakaja kuwa ni saratani, na chini yameandikwa ER hasi, PR hasi, HER2 hasi. Tulidhani atapasuliwa wiki hiyohiyo, lakini daktari amesema aanze dripu za dawa kwa karibu miezi sita, ndipo afanyiwe upasuaji. Baba mdogo anasema wanamchelewesha, kisu kwanza. Shangazi anasema asiguswe na kisu kabisa, kwani saratani ikikatwa inasambaa. Juu ya hayo nesi ametupa karatasi za utafiti: wagonjwa watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, wote watapata dawa za kawaida, na kundi moja litaongezewa dawa nyingine. Je, mama anafanyiwa majaribio? Tusaini au tukatae?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama pole nyingi kutoka kwangu. Nianze na jibu lenyewe ili leo upate usingizi: kwa saratani kama uliyoieleza, kuanza na dawa ndiko kunakofaa, wala si kucheleweshwa. Matibabu ya mama yanaanza siku dripu ya kwanza inapoingia mshipani, hayangoji siku ya upasuaji. Ila najua jibu la namna hiyo halitatosha pale sebuleni, baba mdogo akiwa upande huu na shangazi upande ule. Basi nitakueleza tulivyolijua.

Baba mdogo anafikiri kama madaktari wa dunia nzima walivyofikiri kwa karibu miaka 80. Miaka ya 1880, huko Marekani, daktari wa upasuaji William Halsted alianza kuondoa kwa pamoja titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na mitoki ya kwapani. Waliamini saratani husogea hatua kwa hatua kama moto wa nyika, kwamba ukifyeka mpaka mpana vya kutosha moto hauvuki. Wanawake walipona vidonda, wakabaki na kifua kilichobonyea hadi mbavu zinahesabika chini ya ngozi, na wengi wao mkono wa upande ule ukavimba maisha yao yote. Na bado wengi, baada ya mwaka mmoja, miwili au mitano, saratani ilijitokeza kwenye mapafu, ini au mifupa, mahali ambapo kisu hakikupita.

Bernard Fisher wa Pittsburgh, naye daktari wa upasuaji, ndiye aliyeamua kulipima jambo hili badala ya kubishana. Mwaka 1971 alianzisha utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 1,600. Kwa bahati nasibu, baadhi walifanyiwa upasuaji ule mkubwa, wengine wakaondolewa titi peke yake, baadhi yao wakiongezewa mionzi. Walifuatiliwa kwa miaka 25. Walioishi hawakutofautiana kwa maana yoyote. Mwaka 1976 akaanza mwingine wenye wanawake 1,851, safari hii akilinganisha kuondoa titi lote na kuondoa uvimbe tu. Baada ya miaka 20 idadi ya waliobaki hai ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni saratani kurudi ndani ya titi: waliotolewa uvimbe bila mionzi ilirudi kwa asilimia 39, waliopata na mionzi asilimia 14.

Hapo ndipo fikra ilipogeuka. Kinachoua mgonjwa wa saratani ya titi si ule uvimbe unaoshikika kwa mkono. Ni seli zilizotoka humo mapema, pengine kabla uvimbe haujagundulika, zikasafiri kwa damu na kujificha mbali. Kisu hakifiki kwenye damu. Dawa inafika.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo somo letu wenyewe kuhusu hili. Kampala, pale Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya watoto waliokuwa wanavimba taya kwa saratani ya ajabu. Alikuwa mtu wa kisu, na kisu hakikuwafaa kitu watoto wale. Dawa zilipojaribiwa, uvimbe ulianza kuyeyuka ndani ya siku chache. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilizaliwa kutokana na tafiti za dawa hizo kwa watoto hao. Kwa hiyo mtu akikuambia utafiti wa saratani ni mambo ya Wazungu, mwambie sehemu yake muhimu ya mwanzo ilifanyika hapa jirani.

Turudi kwenye titi. Mwaka 1976 madaktari wa Milan, Italia, wakiongozwa na Gianni Bonadonna, walitoa matokeo ya wanawake 386 waliokwisha kupasuliwa na waliokuwa na saratani kwenye mitoki ya kwapani, kama mama. Nusu yao hivi walipewa dawa tatu za saratani kwa mwaka mmoja. Baada ya miezi 27 saratani ilikuwa imewarudia asilimia 24 ya wale ambao hawakupewa dawa, na asilimia 5 tu ya waliopewa. Tangu hapo dawa baada ya upasuaji zikawa kawaida. Ikabaki kuuliza: kama zinasaidia baada ya kisu, je, zikitangulia?

Kundi la Fisher likauliza swali hilo mwaka 1988 kwa wanawake 1,523. Dawa zilezile, mizunguko minne ileile, yaani dripu na wiki za kupumzika kabla ya dripu nyingine. Nusu walipata kabla ya upasuaji na nusu baada. Maisha yakawa sawasawa. Baadaye, mwaka 2018, watafiti walikusanya taarifa za wanawake 4,756 kutoka tafiti kumi za namna hiyo, wakawaangalia hadi miaka 15. Waliofariki kwa saratani ya titi walikuwa asilimia 34.4 kwa walioanza na dawa na asilimia 33.7 kwa walioanza na kisu. Hiyo ni sawa kwa sawa. Msomee baba mdogo namba hizo. Sikuahidi kwamba kuanza na dawa kwenyewe kunaongeza siku za kuishi. Ninachosema ni kwamba hakupunguzi, na kwamba kunaleta faida nyingine ambazo mama anazihitaji.

Nisifiche upande wa pili. Katika hesabu hiyohiyo, walioanza na dawa saratani iliwarudia kwenye titi au kifuani zaidi kidogo, asilimia 21.4 dhidi ya 15.9. Sababu kubwa ni kwamba wengi zaidi kati yao waliachiwa titi, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umepungua, na wapo ambao uvimbe ulitoweka ukatibiwa kwa mionzi bila upasuaji. Lishike hilo, nitalirudia.

Sasa faida zenyewe. Uvimbe wa sentimita 6 na mitoki iliyovimba ni kazi ngumu kwa daktari wa upasuaji. Anahitaji pembeni ya uvimbe abakize nyama safi, na ngozi ya kufungia kidonda. Ukipungua, anakata vizuri na kufunga vizuri. Lakini mimi faida ninayoithamini kuliko zote ni hii: uvimbe ukiwa bado upo mwilini, tunaona kwa macho kama dawa inafanya kazi. Ukishaukata kwanza, dawa unazitoa gizani, unaomba Mungu ziwe zinazipata zile seli zilizojificha. Ukiuacha, unakuwa kipimo. Mama akifika kliniki kabla ya kila mzunguko, daktari anaushika kwa vidole, anaweka rula kwenye ngozi, anaandika kwenye faili: 6 kwa 5. Mzunguko wa pili, 4 na nusu kwa 4. Wa tatu, 3 kwa 2. Nimewaona kina mama wanaojishika wenyewe bafuni na kuja wakitabasamu kabla sijawagusa. Na kama namba hazishuki, au zinapanda, jambo linalowatokea wachache, tunabadili dawa mapema au tunaenda kwenye upasuaji mara moja.

Halafu kuna yale majibu matatu ya hasi. Maana yake ni kwamba seli za saratani ya mama hazina vipokezi vya homoni (ndivyo ER na PR) wala ile protini iitwayo HER2, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni na sindano za HER2 hazitamfaa. Aina hii ina haraka, na inawapata wanawake wa Kiafrika zaidi kuliko wengine. Lakini ndiyo pia inayoyeyuka zaidi kwa dawa za dripu. Katika utafiti mkubwa uliohusu aina hii, wenye wanawake 1,174, waliopewa dawa za kawaida za dripu, mojawapo ikiitwa karboplatini, walipopasuliwa, nusu yao hawakukutwa na seli hata moja ya saratani iliyobaki, si kwenye titi wala kwenye mitoki. Nusu. Walioongezewa dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, iitwayo pembrolizumabu, walifika karibu asilimia 65, na baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 86.6 dhidi ya 81.7. Dawa hiyo bei yake ni mlima kwa familia zetu, nami sitaki uuze kiwanja cha mama kwa ajili yake bila kwanza kuzungumza na daktari wake. Bila hiyo, dawa za kawaida zinafanya kazi kubwa.

Na wale wanaobakiwa na seli? Hapo ndipo mpangilio wa dawa kwanza unapolipa. Titi likishatolewa linawekwa kwenye chombo cha formalini, linapelekwa maabara ya patholojia, linakatwa vipande vyembamba kama mkate na kutazamwa kwa hadubini. Utafiti uliofanyika Japani na Korea Kusini, matokeo yakatolewa mwaka 2017, uliwachukua wanawake 910 waliokuwa wamebakiwa na saratani baada ya dawa na upasuaji. Nusu waliongezewa vidonge vya kapesitabini kwa takriban miezi sita. Kwa wenye hasi tatu kama mama, baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 78.8 kwa waliomeza vidonge na 70.3 kwa wasiomeza. Ni vidonge, mtu anamezea nyumbani. Lakini ili ujue nani anavihitaji ni lazima dawa zitangulie na kisu kifuate, maana aliyeanza na kisu hakuna namna ya kumjua.

Nije kwa shangazi. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu anachokisema amekiona. Ameona jirani kapasuliwa titi, baada ya miezi minane akaanza kukohoa au kuumwa mgongo, akazikwa. Ila kisu hakikuisambaza. Ilikuwa imeshasambaa alipofika hospitali. Wagonjwa wetu wengi wanafika kwa kuchelewa, na upasuaji unafanyika bila kwanza kuangalia mapafu, ini na mifupa. Swali la kama kukata kunasaidia mtu ambaye imeshafika mbali lilipimwa Mumbai, katika hospitali ya Tata Memorial, kwa wanawake 350. Waliokatwa titi na wasiokatwa waliishi muda uleule. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza hakikisheni mama amepigwa picha za kifua na tumbo, CT kama ipo, la sivyo eksirei na utrasaundi. Zikiwa safi, kisu kina nafasi yake kamili na asikikwepe. Shangazi akichagua mama asikatwe, anachagua uvimbe ambao siku moja utatoboa ngozi, utoe usaha na harufu, na mama ajifungie chumbani asitake kuonana na watu. Nimeingia vyumba hivyo.

Sasa lile nililosema nitalirudia, na ningependa usome sehemu hii pamoja na mama. Hatari kubwa ya mpango huu si mpangilio wa dawa na kisu. Ni kwamba uvimbe ukishatoweka, mtu hurudi nyumbani. Mzunguko wa nne, mama atajishika asione kitu. Nauli ya kwenda kliniki imekuwa mzigo, nywele zimetoka, kucha zimekuwa nyeusi, na sasa uvimbe haupo. Majirani watasema amepona. Naye atasema, nikatwe titi la nini? Wanawake wa namna hiyo nimewapokea tena baada ya mwaka, uvimbe umerudi mkubwa kuliko wa kwanza na haushikiki tena kwa dawa zilezile. Kidole hakioni seli laki moja zilizobaki. Ndiyo maana mwombeni daktari, kabla uvimbe haujapungua sana, aweke alama: ama klipu ndogo ya chuma, ndogo kuliko punje ya mchele, inayoingizwa kwa sindano katikati ya uvimbe, ama kama haipo, mchoro na picha ya ngozi na vipimo vilivyoandikwa. La sivyo siku ya upasuaji daktari hatajua palikuwa wapi.

Upo utafiti unaouliza kama wengine wanaweza kuachwa bila kisu. Mwaka 2022 timu ya hospitali ya MD Anderson huko Houston ilitoa taarifa ya wanawake 50. Kati yao 31 walichukuliwa vinyama vingi kwa sindano nene inayoongozwa na picha, havikuonyesha saratani, wakapewa mionzi tu, na hakuna aliyerudiwa katika miaka miwili na ushee. Ni habari njema. Lakini ni wanawake 31, wenye uvimbe mdogo kuliko wa mama, waliopimwa kwa mashine na kufuatiliwa kwa karibu mno. Mama hayumo katika kundi hilo.

Sasa karatasi za utafiti. Kwanza nikusahihishe kwa upole: umeuliza "tusaini?" Anayesaini ni mama. Si wewe, si baba mdogo. Ana miaka 52 na akili zake timamu. Kazi yenu ni kumsomea, kumsubiri na kumpa nafasi ya kuuliza.

Hofu yako ina mizizi. Kule Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe tu. Kwa sababu ya dhambi kama hizo zipo sheria leo. Hapa Tanzania utafiti wa dawa kwa wagonjwa lazima upate kibali cha maadili cha taifa kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Namba za vibali hivyo zinapaswa kuonekana kwenye karatasi uliyopewa. Zitafute. Na karatasi iwe ya Kiswahili ambacho mama anakielewa, si Kiswahili cha kamusi.

Kuhusu bahati nasibu: watu huchukia neno hilo, wanaona kama daktari anarusha shilingi juu ya maisha ya mtu. Lakini karibu kila namba niliyokuandikia humu inatoka kwa wanawake waliokubali kugawanywa hivyo. Tungewaacha madaktari wachague, wangewapa dawa mpya wale wenye nguvu, na dawa ingeonekana nzuri hata kama haifai. Bahati nasibu ni halali pale tu ambapo kweli hakuna anayejua kundi gani litafanya vizuri zaidi, na pale ambapo hakuna anayenyimwa tiba inayojulikana. Umeandika kwamba wote watapata dawa za kawaida. Hilo ndilo jambo la kwanza ningeliangalia, na hapo naona lipo sawa. Dawa ya ziada inaweza kumsaidia, inaweza isifanye kitu, inaweza kumletea madhara yasiyojulikana bado. Mtafiti mwaminifu atawaambia yote matatu.

Muulizeni nani atalipa vipimo vya ziada na nauli za siku za ziada. Mama akipata madhara kwa dawa ile, nani atamtibu, na je, kuna bima ya utafiti? Damu na vinyama vyake vitabaki nchini au vitasafirishwa, na vitatumika kwa lipi? Dawa ikionekana nzuri, wagonjwa wa hapa wataipata baada ya utafiti kwisha, au itaishia kwenye nchi zenye pesa? Hili la mwisho linaniuma binafsi, na nataka watafiti walisikie kutoka kwa wagonjwa, si kutoka kwangu. Mama akikataa, au akikubali kisha akajitoa mzunguko wa tatu, anapaswa kuendelea kutibiwa vilevile. Mtu akimtisha kwamba atakosa kitanda asiposaini, hilo ni kosa, na lipelekwe kwa kamati ya maadili ambayo simu yake iko mwisho wa karatasi.

Angekuwa dada yangu, na majibu ya maswali hayo yakawa ya kuridhisha, ningemwambia akubali. Anayeshiriki utafiti hupimwa kwa ratiba, hupigiwa simu asipotokea, na mtu hukaa naye akimuuliza kila dalili. Kwa mgonjwa ambaye hatari yake kubwa ni kupotea njiani, simu ile ina thamani kubwa.

Kabla ya dripu ya kwanza, moyo wake upimwe kwa eko, yaani utrasaundi ya moyo, kwa sababu moja ya dawa hizo, ile nyekundu, inaweza kuuchosha moyo. Mkojo ukitoka mwekundu siku hiyo asishtuke, ni rangi ya dawa. Nunueni kipimajoto. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila dripu kinga yake itakuwa chini kabisa. Joto likifika 38, hata kama ni saa nane usiku, aende hospitali usiku huohuo na kadi yake mkononi, aseme yuko kwenye dawa za saratani. Asinywe panadol na kusubiri asubuhi.

Na siku ya dripu ya kwanza, kabla hamjatoka kliniki, mwombeni daktari aandike kwenye kadi makadirio ya tarehe ya upasuaji, iwe ndani ya wiki 8 baada ya dripu ya mwisho. Kadi hiyo apewe baba mdogo aitunze. Yeye ndiye anayetaka kisu, basi yeye ndiye atakayehakikisha mama amefika siku hiyo.